Nilivyopika Maksai kwa Komoni Mafinga

Vijana niliowaacha jikoni mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nimestaafu, na mikono yangu haijazoea kukaa bure. Pili, wengi wenu bado mnadhani nyama ikiwa ngumu kosa ni la ng'ombe. Vyeo na mishahara siandiki. Hayo yamo kwenye jalada langu, na anayeyataka akaombe ruhusa. Nitaandika habari za moto, sufuria na wiki moja ya Mafinga iliyonifundisha jambo ambalo chuo changu hakikulijua. Anayekiri hivyo, mkumbuke, ni mtu aliyetoka wa pili katika chuo hicho, na aliyetoka wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye hoteli.

Nilizaliwa Ilomba, Mbeya, nyumba ya mahindi na maharage. Sikutumwa Ulaya na serikali wala na misheni. Nilijituma mwenyewe. Nilipanda lori la mchele hadi Dar es Salaam, nikapata kazi ya kumenya viazi katika jiko la meli ya mizigo, na meli ilipofika Ubelgiji nikashuka na sikurudi ndani. Mchana niliosha vyombo katika mgahawa, jioni nilisoma upishi. Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya sabini na vitu vitatu: diploma, kisu kirefu cha chuma cha pua, na chungu cha chuma cheusi chenye mfuniko wake, kizito kiasi kwamba mchukuzi wa stendi aliniuliza kama nimebeba injini.

Chakula nilichokuja nacho kichwani kilikuwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa bia. Wabelgiji hukipenda kama sisi tunavyopenda ndizi na nyama. Nyama hukatwa vipande vikubwa, hukaushwa kwa kitambaa, hukaangwa kidogo kidogo mpaka iwe kahawia pande zote. Vitunguu vingi huachwa viive polepole mpaka viwe na rangi ya udongo wa Tukuyu. Unanyunyizia unga wa ngano, unamimina bia, unafunika, unaondoka. Bia inalainisha nyama na inatia uchungu mdogo unaofanya mtu atake tonge jingine. Mapishi yangu yalisema saa tatu. Nilikuwa nimeyapika mara mia huko, na mara zote mia saa tatu zilitosha.

Siku yangu ya kwanza Mbeya, katika hoteli moja ya mjini, mpishi mkuu alikuwa Mzee Asukile, Mnyakyusa mfupi ambaye hakuwahi kuingia darasani hata kufuta ubao.

"Ugonile, mzee," nilimwamkia.

"Ugonile. Wameniambia una diploma."

"Ninayo, mzee."

"Ya kupika au ya kula?"

Wenzake walicheka. Mimi nilifungua begi, nikamwonyesha karatasi yenyewe yenye muhuri mwekundu. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akanirudishia. "Nzuri. Iweke mbali na mafuta. Sasa niwashie jiko."

Jiko lilikuwa la chuma, la kuni, na kuni zilikuwa mbichi. Nilitokwa machozi nusu saa. Mchana wake nikapika nyama yangu ya bia kwa wageni wa chakula cha jioni. Saa tatu zikaisha, nikachoma uma katika kipande, uma ukagoma. Mhudumu akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili. Mara ya tatu alisimama tu mlangoni na kitambaa chake mkononi. Mzee Asukile aliwapelekea wageni supu ambayo hawakuiagiza, kisha akaja kusimama kando yangu.

"Huko ulikosoma mlikuwa juu au chini?"

"Chini, mzee. Karibu na bahari."

"Ndiyo hivyo. Hapa tuko juu. Maji ya Mbeya yanachemka upesi, yanapiga kelele sana, lakini moto wake mdogo. Kama wanasiasa. Ongeza saa moja na nusu, na uweke jiwe juu ya mfuniko."

Nilitafuta jiwe, nikaliosha, nikaliweka. Baada ya saa moja na nusu nyama iliachana kwa kijiko. Tangu siku hiyo, kila nilikohamia nilitafuta jiwe kabla ya kutafuta nyumba. Nyinyi vijana mnaonunua vitabu vya mapishi, tazameni kwanza kila kitabu kiliandikiwa wapi. Kilichoandikwa pwani kitawaaibisha Mbeya.

Nilikaa na Mzee Asukile miaka mitatu. Alinifundisha kuchagua nyama sokoni Mwanjelwa kwa kubonyeza kidole gumba na kuangalia kama shimo linarudi, na kumjua mchinjaji mwongo kwa jinsi anavyosifu. Baadaye nikahamia Iringa mjini, katika nyumba ya wageni, ambako baridi ilinifundisha kupasha sahani moto, maana mafuta ya ng'ombe yaliganda kwenye sahani mtu akiwa bado anasali. Kutoka hapo ndipo nikaitwa Mafinga.

Palikuwa na kiwanda cha mbao karibu na msitu wa misonobari, na kiwanda kilikuwa na kantini. Nasema kantini kwa heshima tu. Ilikuwa banda la mabati lenye meko matano na benchi ndefu, na benchi hizo zilikuwa tupu. Wapishi walikuwa wanawake wanne na mwanamume mmoja, na mkubwa wao alikuwa Dada Lusia, Mbena, mama wa watoto wanne waliokula kwa kazi hiyo na si kwa kitu kingine. Walipika maharage na nyama ya maksai wazee kutoka Usangu, ng'ombe wa wafugaji waliohamia huko kutoka kaskazini, wanyama waliovuta jembe mpaka magoti yakachoka ndipo wakauzwa. Nyama ile ilipikwa saa mbili, kengele ikalia, ikapakuliwa. Mtu aliweza kutafuna kipande kimoja tangu adhuhuri hadi alasiri, na bado akabaki nacho cha kumpelekea mbwa.

Basi saa sita mchana wanaume walikuwa wakivuka barabara kwenda kwa Mama Vaileti. Yeye alikuwa Mhehe, mjane, na kilabu chake cha komoni kilijulikana mpaka Makambako. Komoni, kwa asiyeijua, ni pombe ya unga wa mahindi na kimea cha ulezi: nzito, ya kahawia, chachu kidogo, unainywa na unashiba. Wanaume walishiba. Kisha wakarudi kwenye misumeno.

Wiki niliyofika, fundi mmoja alirudi kutoka huko akaegemea mahali asipopaswa kuegemea. Msumeno ulichukua mkono wa shati lake mpaka begani na kumwachia mkono wake mwenyewe. Alikaa chini kwenye unga wa mbao, akautazama mkono ule mzima kama kitu alichoazimwa.

Meneja aliniita siku hiyohiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Kantini wanaikimbia," alisema. "Mwisho wa mwezi naifunga. Kila mtu atapewa unga akajipikie kwake."

"Na wapishi watano?"

"Watarudi kwao."

"Na mimi, meneja? Nimefika Jumatatu."

"Wewe una diploma. Hutakosa mahali."

Hapo alinigusa. Mtu mwenye diploma kama yangu hafungiwi jiko wiki ya kwanza. Nikamwambia, "Nipe mlo mmoja. Jumamosi, baada ya kazi."

Jumamosi kazi iliisha saa sita, na kila mtu alikuwa huru kwenda atakako. "Jumamosi," alisema meneja. "Benchi zikijaa, tutaongea. Zisipojaa, Jumatatu usiwashe moto."

Nilirudi jikoni, nikawaambia wote bila kuficha. Dada Lusia alikuwa anachagua maharage. Hakuinua kichwa.

"Utawapikia nini, Bwana Diploma?"

"Maksai haohao. Kwa bia."

"Bia iko wapi?"

Hapo ndipo nilikuwa sijafika. Bia ya chupa ililetwa na lori kutoka Dar es Salaam, na mvua zilikuwa zimeanza. Nilituma watu mjini Mafinga, wakarudi na chupa tatu, moja ikiwa imefunguliwa. Jumamosi haikuwa mbali. Ndipo nikafikiri: komoni si bia? Ina nafaka, ina kimea, ina uchachu. Alhamisi asubuhi nikachukua ndoo, nikavuka barabara.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Wewe ndiye yule wa Ulaya?" Mama Vaileti alikuwa mwanamke mrefu mwenye kilemba cheupe, na alinikagua kuanzia viatu. "Mbona asubuhi? Hata walevi wangu bado wanajifanya wanafanya kazi."

"Nataka komoni ya kupikia nyama."

"Ya kupikia?" Aliwageukia majirani zake waliokuwa wakipeta ulezi. "Jamani, mmesikia? Watu wanaipigania mbichi, huyu anataka kuichoma moto!"

Hata hivyo alinijazia ndoo. Nilirudi, nikafanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Nyama ikawa kahawia, vitunguu vikawa vitamu, nikatia unga wa ngano, mchuzi ukashikana ukang'aa, nikawaita wapishi wote waje waone ufundi. Kisha nikamimina komoni, nikatoa magogo kadhaa ili moto uwe mdogo, nikafunika.

Nilipofunua, mchuzi ulikuwa maji. Sisemi mwepesi, nasema maji. Ungeweza kufulia shati. Nikaongeza unga. Ukashikana kidogo, kisha mbele ya macho yetu ukalegea tena. Nikaongeza tena, ukalegea tena. Chini ya sufuria machicha yalikuwa yametua na kuungua, na banda zima lilinuka kama shamba lililochomwa. Dada Lusia alikuwa ameshika mwiko kifuani. Nadhani alitaka kusema jambo tangu mwanzo, lakini mtu hamfundishi mwenye diploma. Hilo ni kosa langu, si lake, na ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini: nilikuwa nimeingia katika jiko la wanawake wa Ubena na Uhehe, nimepika kwa kimea, na sikumwuliza hata mmoja wao kimea hufanya nini.

Mama Vaileti alivuka barabara kwa sababu ya harufu. Alichungulia sufuria, akashika kiuno.

"Lusia, hamkumwambia?"

"Hakuuliza, mama."

"Bwana Diploma," akaniambia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda choo, "mtoto akishindwa kumeza uji mzito, sisi tunafanyaje?"

"Sijui, mama."

"Tunatia kimea kidogo, kidole kimoja tu. Uji unalegea, mtoto anakunywa. Kimea kinakula unga. Komoni yangu iko hai, kimea kimo. Wewe umemwekea unga mezani, atauacha?"

Wote walicheka, hata mimi mwishowe. Nilikaa kwenye gogo. Nilikuwa nimesoma miaka miwili habari za unga na mchuzi, na hakuna mwalimu aliyenieleza kitu ambacho kila mama wa hapo alikijua kwa kidole.

"Sasa tufanye nini?" nikauliza. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuliza swali hilo tangu nishuke melini.

"Muue kwanza. Chemsha komoni peke yake, mpaka povu lote life. Iache itulie, uchuje kwa kitambaa, machicha uwape kuku. Kimea kikifa hakina meno. Ndipo uimimine kwenye unga wako."

"Itakuwa chachu sana ikipungua."

"Basi hapo ndipo upike wewe," alisema. "Mimi natengeneza pombe."

Nilimwuliza kwa nini ananisaidia, ilhali benchi zangu zikijaa saa sita, zake zitakuwa tupu. Alipunguza sauti. Katibu kata alikuwa ameshamwonya: akikutwa tena anauza saa za kazi, kilabu kitafungwa kabisa. Lakini wanaume wakifika mlangoni na njaa, angewafukuzaje? "Wewe washibishe mchana," alisema. "Mimi nitawapokea jioni kwa amani. Na komoni ya sufuria utaichukua kwangu, si kwingine."

Ijumaa tulifanya kazi kama watu wanaojenga nyumba kabla ya mvua. Tulichemsha komoni katika mapipa mawili, tukaiacha ipoe, tukaichuja. Sasa mimi nilikuwa kwenye uwanja wangu. Uchachu niliuzima kwa vitunguu vilivyoiva mpaka vikawa rojo, karoti za Njombe, na sukari niliyoiunguza mpaka ikawa nyeusi na chungu kidogo, ili mdomo upate ule uchungu wa bia niliouzoea. Kuni za msonobari nilizikataa. Zinawaka kama karatasi na kuzimika. Tulitumia kuni za miwati, miti migumu ambayo makaa yake hudumu. Dada Lusia ndiye aliyeonja kila mara, nami nilisubiri uso wake. Mara ya nne aliangalia mwiko, akaulamba upande wa pili pia. Nikajua tumefika.

Jumamosi tuliweka nyama motoni alfajiri, mfuniko ukiwa na jiwe juu yake, na hatukuufungua kwa saa tano. Dada Lusia alikuwa amefunga kanga zake na vyombo vyake kwenye furushi, ameviweka kando ya mlango. Nilimwuliza ni vya nini. "Nikilazimika kuondoka," alisema, "sitaki kurudi tena kuvichukua."

Kengele ililia saa sita. Wanaume walitoka, wakasimama uwanjani. Harufu ilikuwa imewafikia, lakini hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanamtazama Mzee Chaula. Alikuwa msimamizi wa misumeno na mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu asiyegusa kileo tangu kipaimara, na ukiacha pombe, alichofanya yeye wengine walifuata. Alikuja mpaka kwenye sufuria na sahani yake ya bati mkononi.

"Nasikia harufu ninayoijua," alisema. "Humu kuna nini?"

Ningeweza kusema viungo vya Ulaya. Dada Lusia alikuwa ananitazama, na nusu ya wanaume wale walikuwa waumini. Nikasema, "Kuna komoni, mzee. Imechemshwa peke yake jana mpaka povu likafa, na leo imechemka na nyama saa tano. Usipoitaka, kuna maharage."

"Inalevya?"

Mama Vaileti, aliyekuja kuona mwisho wa pombe yake, alijibu kabla yangu. "Mzee Chaula, hiyo imeshakufa. Mimi mwenyewe niliizika jana, nililia."

Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Alichukua mwiko, akaonja, akafumba macho. Tulisubiri. Akafumbua.

"Togwa nayo ni ya kimea, hailevi, na tunainywa hata kwenye sikukuu za kanisa," alisema. "Hii ni togwa iliyopotea njia, kisha ikatubu. Pakua."

Walijaza benchi zote, wengine wakakaa juu ya magogo, wengine wakala wamesimama. Hakuna aliyetafuna kwa shida. Yule fundi wa mkono wa shati alikula kwa mkono uleule, akarudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu na uongo kwamba anamchukulia mwenzake. Meneja alifika amechelewa. Alisimama mlangoni akahesabu vichwa kwa macho, akaondoka kabla sijamfikia. Jikoni hakukuwa kumebaki hata mchuzi wa kumpa.

Jumapili nzima sikujua lolote. Jumatatu tuliwasha moto, kwa sababu hakuna aliyetukataza, tukapika maharage, maharage tu. Furushi la Dada Lusia lilikuwa bado mlangoni. Karibu na saa sita meneja aliingia jikoni, akasimama katikati ya moshi na koti lake la kijivu.

"Leo mmepika nini?"

"Maharage, meneja," nilisema.

"Ya komoni?"

"Hapana. Ya vitunguu."

Aliitikia kwa kichwa, akatazama sufuria, akatazama benchi ambazo watu walikuwa wameshaanza kuzikalia kabla ya kengele. "Basi niwekeeni na mimi."

Dada Lusia alifuta mikono kwenye kanga yake. "Sahani yako iko wapi, meneja?"

"Sahani?"

"Hapa kila mtu anakuja na yake."

Niliona vichwa vikigeuka, benchi moja baada ya nyingine. Meneja akageuka, akatoka, akapanda kilima kuelekea nyumbani kwake kuifuata sahani, haraka haraka, kabla kengele haijalia.